Kuhamishwa si Kutoa Hesabu



Yako mambo ambayo taifa huyapitisha kimya kimya, kimya kikawa desturi, na desturi ikawa sheria isiyoandikwa popote. Mojawapo ni hili: mkuu wa polisi akilemewa na lawama za umwagaji damu, haulizwi, bali huhamishwa. Hutolewa katika ofisi ya bunduki akapelekwa katika ofisi ya barua, au ya ndege, au ya watalii, na wananchi wakaambiwa kwamba jambo limekwisha. Sisi twasema halikwisha. Twataka kulieleza kwa mfano wa mtu mmoja, Meja Jenerali Mohammed Hussein Ali, aliyekuwa Kamishna wa Polisi tangu Aprili 2004 hadi Septemba 2009, kisha akafanywa mkuu wa Shirika la Posta. Hatuna chuki naye. Twamtaja kwa sababu safari yake yaonyesha waziwazi ugonjwa ambao ungali unalitafuna taifa hili.

TULITARAJIA NINI

Tukumbushane kwanza kwa nini sisi, watu wa mageuzi na watu wa makanisa, tunajali habari za polisi kiasi hiki. Hatukupigania vyama vingi ili tupate tu majina mengi katika karatasi ya kura. Tarehe 7 Julai 1990, waliokwenda Kamukunji kudai uhuru wa kusema walikutana na rungu na risasi. Tarehe 3 Machi 1992, akina mama waliokuwa wakifunga na kuomba katika bustani ya Uhuru ili wana wao waliofungwa kwa ajili ya siasa waachiliwe, walitawanywa na polisi kwa nguvu, na hata umri wao haukuheshimiwa. Tarehe 7 Julai 1997, polisi waliingia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote jijini Nairobi, wakawapiga watu waliokuwa wamekusanyika humo kwa sala na kwa madai ya mageuzi. Mchungaji Timothy Njoya alikuwa miongoni mwa waliojeruhiwa siku hiyo.

Kwa hiyo, tangu mwanzo, suala la polisi lilikuwa ndani ya suala la vyama vingi. Serikali yaweza kuruhusu vyama 100 kuandikishwa, lakini ikiwa askari ni wa rais na si wa mwananchi, vyama hivyo ni mapambo. Mwishoni mwa mwaka 1997 sheria ya mikutano ilibadilishwa, leseni ikaondolewa, na waandalizi wakatakiwa kutoa taarifa tu. Lakini sheria hubadilishwa kwa kalamu kwa siku moja, ilhali tabia ya kikosi kilichoundwa na mkoloni ili kuwadhibiti wenyeji haibadiliki kwa kalamu.

Mwaka 2002 wananchi waliingiza serikali mpya kwa kura. Aprili 2004, Rais Mwai Kibaki akamteua Bwana Ali, wakati huo akiwa brigedia katika jeshi, kuwa Kamishna wa Polisi. Alikuwa mwanajeshi wa kwanza kukabidhiwa kiti hicho tangu uhuru. Hoja iliyotolewa ilieleweka: kikosi kimeoza kwa mlungula na udugu, na anayetoka nje hana deni kwa yeyote aliye ndani. Wengi wetu tuliona mantiki katika hoja hiyo. Asiye na jamaa shambani ndiye anayeweza kuling'oa gugu bila kuuliza ni la nani.

Hata hivyo, palikuwa na jambo ambalo hoja hiyo haikulitazama. Jeshi hufundishwa kumshinda adui. Polisi hutakiwa kumhudumia jirani, hata jirani aliyevunja sheria, na kumfikisha mbele ya hakimu akiwa hai. Zaidi ya hayo, Katiba ya zamani ilimpa rais uwezo wa kumteua na kumwondoa kamishna apendavyo. Mtu aweza kutoka nje ya kikosi, lakini ikiwa kiti chake kiko mkononi mwa mmoja tu, ana bwana mmoja tu.

YALIYOTUKIA

Hatutaeneza uvumi. Twataja yale yaliyoandikwa katika kumbukumbu za umma.

Machi 2006, askari waliofunika nyuso walivamia ofisi na kiwanda cha uchapaji cha gazeti la The Standard, wakateketeza magazeti, na matangazo ya runinga ya KTN yakazimwa kwa muda. Waziri wa usalama wa wakati huo hakuomba radhi. Alilitetea tendo hilo hadharani.

Juni 2007, baada ya askari kuuawa, polisi waliingia mtaa wa Mathare kuwasaka wafuasi wa Mungiki, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Kwamba Mungiki iliwatesa wananchi, hatubishi. Tumewazika waliochinjwa nayo. Lakini kosa la mhalifu haliifanyi bunduki kuwa mahakama. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilichunguza vifo na kutoweka kwa vijana katika mwaka huo, na ikataja takribani watu 500. Polisi walikanusha.

Ukaja uchaguzi wa Desemba 2007 na maafa yaliyoufuata. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na kati yao 405 walikufa kwa risasi. Tafakarini hesabu hiyo, ndugu zetu. Katika ghasia ambazo watu wengi walikuwa na panga, mishale na viberiti, zaidi ya theluthi moja ya marehemu walikufa kwa risasi, na mwenye bunduki kwa kawaida alikuwa ni askari wa serikali.

Februari 2009, Profesa Philip Alston, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji yasiyo ya kisheria, alizuru nchi yetu. Mwishoni mwa ziara yake alisema kwamba polisi walikuwa wakiua bila kuogopa kushtakiwa, na akapendekeza kamishna aondolewe. Serikali ilikasirika. Tarehe 5 Machi 2009, watetezi wawili wa haki, Oscar Kamau Kingara na John Paul Oulu, waliokuwa wamekusanya habari za mauaji hayo, walipigwa risasi ndani ya gari lao karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Miezi sita baadaye, Septemba 2009, kamishna aliondolewa. Mathew Iteere akashika nafasi yake, na Bwana Ali akapewa Posta.

MAKOSA MAWILI KWA KALAMU MOJA

Uhamisho ule ulikuwa na makosa mawili, na yafaa tuyatenganishe.

Kosa la kwanza lilitendewa wafiwa. Mama wa Mathare, mjane wa Kisumu na baba wa Kibera walikuwa wakingoja kuulizwa kwa mtu aliyekuwa na amri. Maswali yao yalikuwa mepesi. Nani aliamuru risasi za moto zitumike? Nani alitunza daftari la silaha zilizotolewa ghalani siku ile? Askari gani walitumwa mtaa gani, na waliporudi nani alihesabu risasi zilizosalia? Hayo ni maswali ya karatasi, na karatasi hizo huwa katika kila kituo cha polisi. Lakini kamishna alikabidhi ofisi bila wafiwa kupata majibu hayo. Aliondoka kama afisa wa kawaida anavyohamishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine.

Kosa la pili lilitendewa Posta yenyewe, na hili hutajwa kwa nadra. Shirika la Posta lilizaliwa mwaka 1999, lilipogawanywa lile shirika kubwa la posta na simu. Kufikia mwaka 2009 lilikuwa katika vita vya kuishi au kufa. Simu ya mkononi ilikuwa imeua barua ya kawaida. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikuwa ikiwanyang'anya wateja waliokuwa wakituma fedha nyumbani kwa njia ya posta. Hapo ndipo palipohitajika mtu anayeijua biashara ya vifurushi, fedha na mitambo, aliyeshindania kazi hiyo na wenzake na kuwashinda kwa ujuzi. Badala yake palitafutwa kiti cha kumpumzishia mkuu aliyegeuka kuwa mzigo kwa serikali. Hatusemi kwamba matatizo ya Posta yaliletwa na mtu huyo. Yalikuwapo kabla yake na yaliendelea baada yake. Twasema kwamba shirika la umma si ghala la kuhifadhia watu ambao serikali haijui iwaweke wapi. Karani wa posta ya Lodwar au ya Voi, aliyepanda cheo ngazi kwa ngazi kwa miaka 20, alifundishwa somo gani siku ile? Alifundishwa kwamba kiti cha juu hakipatikani kwa kazi.

NA YEYE JE, ALITENDEWA HAKI?

Msomaji mwadilifu atatuuliza: Je, mbona mnamhukumu mtu ambaye hakupatikana na hatia? Swali hilo ni la haki na tunalijibu bila kukwepa. Hatumhukumu.

Desemba 2010 mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, alimtaja Bwana Ali miongoni mwa Wakenya 6. Aprili 2011, akiwa bado mkuu wa Posta, alifika mbele ya majaji mjini The Hague kwa hiari yake, akaketi, akasikiliza. Tarehe 23 Januari 2012 majaji walikataa kuthibitisha mashtaka dhidi yake. Waliona kwamba ushahidi haukutosha kuonyesha kuwa polisi walishiriki katika mashambulizi ya Nakuru na Naivasha. Huo ndio uamuzi, na sisi tunaopigania utawala wa sheria hatuwezi kuuheshimu utuelemeapo upande wetu na kuudharau uegemeapo upande mwingine.

Lakini na tuusome uamuzi huo kwa ukamilifu wake. Kesi ilihusu Nakuru na Naivasha. Mwendesha mashtaka alikuwa ametaja pia risasi za polisi za Kisumu na Kibera, na tangu Machi 2011 majaji walisema kwamba matukio hayo hayakuingia katika mpango wa kundi lililokuwa likishtakiwa. Kwa hiyo risasi za Kisumu na Kibera hazikuhukumiwa kule The Hague, si kwa kuwa hazikupigwa, bali kwa kuwa hazikuwa sehemu ya kesi ile. Mahali pa kuziuliza palikuwa hapa nyumbani, nasi hapa nyumbani tulikuwa tumekwisha kulifunga faili kwa barua ya uhamisho.

Na ndiyo maana twasema kwamba desturi hii humdhulumu hata huyo anayehamishwa. Ikiwa hana hatia, amenyimwa baraza la kujisafisha. Ataishi miaka yake yote akiwa na doa ambalo hakuna aliyemthibitishia wala aliyemfutia. Ikiwa anayo hatia, amenyimwa nafasi ya kutubu na kulipa. Kanisa lafahamu vyema kwamba msamaha usiotanguliwa na ukweli si msamaha, ni usahaulifu tu. Yule wakili wa mfano katika Injili aliitwa na bwana wake aeleze jinsi alivyoitunza mali aliyokabidhiwa. Hakupewa mali nyingine kabla ya kueleza habari za ile ya kwanza.

Wako pia wanaosema kwamba mtu aliyeongoza maelfu ya askari ana nidhamu na uzoefu, na kwamba ni hasara kwa taifa kumwacha akae nyumbani. Twakubali kwamba uongozi ni kipawa, na kwamba afisa mstaafu ana haki ya kufanya kazi kama raia yeyote. Na aombe kazi, basi, kwa mlango ambao wengine huingilia. Tunachokataa ni mlango wa nyuma unaofunguliwa usiku uleule ambao mlango wa maswali unafungwa.

KATIBA MPYA, DESTURI YA ZAMANI

Tarehe 27 Agosti 2010 tulipata Katiba mpya, na tulimshukuru Mungu. Katiba hiyo haikupuuza somo la miaka iliyopita. Kifungu cha 245 kilimweka Inspekta Jenerali mahali pa kamishna, akiteuliwa na rais kwa idhini ya Bunge, kwa kipindi kimoja cha miaka 4 kisichorudiwa. Kifungu hichohicho chakataza mtu yeyote kumwelekeza ni nani achunguzwe au ashtakiwe. Mwaka 2011 ikatungwa sheria iliyounda IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi. Kifungu cha 232 chataka ushindani wa haki na sifa ziwe msingi wa uteuzi katika utumishi wa umma, na chataka watumishi wawajibike kwa matendo yao.

Je, desturi ilikoma? Desemba 2014, baada ya mauaji ya kikatili ya Mandera, Inspekta Jenerali wa kwanza, David Kimaiyo, aliondoka ofisini kabla ya muda wake kuisha. Mwaka uliofuata aliteuliwa mwenyekiti wa bodi ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Joseph Boinnet, aliyemfuata, ndiye aliyeongoza kikosi wakati wa uchaguzi wa 2017, ambapo huko Kisumu mtoto wa miezi 6 alipigwa akiwa nyumbani kwao na akafa. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo hicho alisema kwamba polisi walihusika. Mwaka huohuo wa 2019 Bwana Boinnet alihamia Wizara ya Utalii kama katibu msimamizi. Julai 2024, Japhet Koome alijiuzulu baada ya vijana kuuawa katika maandamano ya kupinga mswada wa fedha. Kufikia Julai mosi, Tume ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Kujiuzulu nako si kutoa hesabu. Kiti kilichoachwa wazi hakijibu swali la mama.

Hatusemi kwamba watu hawa ni sawa, wala kwamba kila mmoja ana hatia. Twasema njia ni moja. Katiba imebadilisha jina la ofisi na namna ya kuingia, lakini namna ya kutoka imebaki ileile ya zamani. Siku ya kuingia kuna mahojiano, viapo na kamera. Siku ya kutoka kuna upinde wa heshima na gari la kumpeleka ofisi nyingine.

TUNADAI NINI

Kwanza, twadai kwamba kila Inspekta Jenerali anayeondoka, kwa kustaafu, kujiuzulu au kuondolewa, afike mbele ya kamati ya Bunge, hadharani, na kuwasilisha hesabu ya watu waliokufa mikononi mwa polisi katika muda wake: majina yao, mahali, kituo kilichohusika na hatua iliyochukuliwa. Mkuu wa shirika la serikali hukaguliwa mpaka senti ya mwisho. Je, roho ya mtu ina thamani ndogo kuliko senti?

Pili, twadai kwamba asiteuliwe katika bodi au wadhifa wowote wa umma kabla ya hesabu hiyo kupokewa, na kabla ya IPOA kueleza ni faili zipi za wakati wake zingali wazi. Hiyo si adhabu. Mhasibu huacha vitabu vyake vikaguliwe kabla ya kukabidhiwa sanduku jingine.

Tatu, twadai kwamba nafasi za juu katika mashirika ya umma zitangazwe na kushindaniwa, ili Posta isimamiwe na anayeijua posta, na viwanja vya ndege visimamiwe na anayevijua.

Nanyi, ndugu zetu wa makanisa, msidhani kazi hii ni ya mawakili peke yao. Sheria hutoa nafasi kwa mwananchi kuandika hoja Bunge linapomchunguza aliyeteuliwa kuwa Inspekta Jenerali. Hati ya kiapo kutoka parokia ya kijijini hupokewa kama ya chama cha mawakili. Kifungu cha 37 chatupa haki ya kuwasilisha malalamishi kwa wakuu wa serikali. Zaidi ya hayo, ni ninyi mnaozika. Mchungaji, padre na mwenyekiti wa jumuiya ndogo wanajua ni nani aliyekufa kwa risasi, tarehe gani, na aliacha watoto wangapi. Kila kanisa na liwe na daftari. Liandikwe jina, siku, mahali, na namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni, kisha nakala ipelekwe IPOA na kwa Tume ya Haki za Binadamu. Ripoti nyingi za miaka ile zilianza hivyo, kwa watu wa kawaida waliokubali kuandika walichokiona.

Tulipodai vyama vingi tuliambiwa kwamba nchi haiko tayari. Leo tunapodai hesabu tutaambiwa kwamba tunavunja moyo wa askari. Si kweli. Askari mwema, yule anayelala katika kibanda cha bati na kulinda benki usiku kucha, ndiye anayeumia zaidi mkubwa wake anapoondoka bila kuulizwa, maana lawama zote humbakia yeye aliye chini. Likija tena tangazo la kwamba mkuu fulani wa polisi amepewa shirika fulani, tusiulize kwanza ni shirika gani. Tuulize kama amekwisha kuwajibu wafiwa.